Hafod, mtaa wa shaba nisioujua moshi wake

Mkoa niliozaliwa uliitwa Shaba. Kuanzia 1971 hadi 1997 hilo ndilo lilikuwa jina la Katanga, huko Kongo, na sisi watoto wa Lubumbashi tuliliandika juu ya kila daftari. Baba alikuwa mtu wa tanuri. Bomba refu la kiwanda na ule mlima mweusi wa mavi ya shaba, yaani takataka zinazobaki jiwe linapoyeyushwa, kando yake ndivyo vilikuwa dira yetu: ukipotea mjini unainua macho tu, unajua nyumbani ni wapi.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna mji huko Wales, Swansea, ambao katika karne ya 19 watu waliubandika jina la Copperopolis, yaani jiji la shaba, sikutulia tena. Nilitaka kuona mahali ambapo shaba ilikuja, ikakaa, ikaondoka. Nilitaka kujua waliobaki wamebaki na nini.

Kutoka Brussels ninakoishi hadi London hakuna la kusimulia. Pale Paddington nikapanda treni ya kwenda magharibi, mwendo wa karibu saa tatu. Kabla ya kuingia mjini, treni inapita juu ya daraja refu la Landore na chini yake unapita mto Tawe. Wenyeji kwa Kiwelisi huuita mji wao Abertawe, mdomo wa Tawe. Nilibana uso dirishani nikitafuta weusi nilioukulia. Nikaona uwanja wa mpira, maduka makubwa yenye magari mengi nje, na vilima vya kijani. Roho ilinishuka kidogo.

Kutoka stesheni nilitembea kwa miguu kuelekea kaskazini, nikiandamana na bonde, mvua ya rasharasha ikininyea. Hafod, mtaa niliokuja kuuona, si mbali. Kwa Kiwelisi neno hilo ni nyumba ya malishoni, ile ambayo wafugaji walihamia wakati wa kiangazi na mifugo yao. Jina lenyewe bado linakumbuka ng'ombe. Mwaka 1810 akaja John Henry Vivian, wa ukoo wa wafanyabiashara wa shaba kutoka Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, akawasha tanuri kando ya mto. Baadaye ukoo huo ukajenga mitaa ya wafanyakazi na shule ya watoto wao, na mitaa ikapewa majina ya watu wa ukoo wao. Nilisimama kwenye Odo Street, na Odo alikuwa mmoja wa hao akina Vivian. Nyumba zimepangwa safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, mlango unafunguka moja kwa moja barabarani. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye kambi ya wafanyakazi Katanga ataipita mitaa hii bila kuuliza njia. Mkono uliochora ni mwingine, hesabu ni ileile: mfanyakazi alale karibu na moto.

Swali nililokuja nalo ni hili: kwa nini hapa, na shaba haichimbwi hapa? Jibu liko chini ya ardhi. Bonde hili lina makaa ya mawe, na njia yao ya kuyeyusha, kuchoma jiwe lenye shaba na kuliyeyusha tena na tena hadi shaba itoke safi, ilikula makaa mengi kuliko mawe yenyewe. Ikawa rahisi kulileta jiwe kwenye makaa. Meli zilileta mawe kutoka Cornwall kwanza, kisha Cuba, kisha Chile, zikizunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika. Na machimbo ya El Cobre kule Cuba yalichimbwa na watumwa. Hilo nilikuwa nalijua kabla ya safari, lakini kulijua ukiwa kitini si sawa na kulijua ukiwa umesimama juu ya gati lililopokea mzigo.

Ng'ambo ya mto ndiko kulikoniuma zaidi. Pale White Rock, tanuri ziliwashwa 1737 na wafanyabiashara wa Bristol, na moja ya majengo yao liliitwa nyumba ya manilla. Manilla ni bangili ya shaba au shaba nyeupe, wazi upande mmoja, iliyotumika kama fedha Afrika Magharibi, na kwa bangili hizo watu walinunuliwa. Kwetu Katanga, karne nyingi kabla ya Wazungu, wahenga waliyeyusha shaba wakaimimina iwe misalaba midogo, nayo ilitumika kama fedha na kuzikwa na wafu. Niliketi kwenye majani ya White Rock muda mrefu. Metali ileile. Siwezi kuiangalia tena waya ya umeme au sufuria bila kujiuliza imepitia mikono gani.

Nikarudi upande wa Hafod. Kiwanda kilifungwa 1980, lakini kuyeyusha kwenyewe kulikuwa kumekoma miongo mingi kabla, nchi zenye mawe zilipoanza kuyeyusha nyumbani kwao. Yamebaki mabomba mawili ya moshi, majengo ya injini, na tangu 2023 kuna kiwanda cha wiski ndani ya jengo moja la zamani.

Lakini kilichonisimamisha ni ukuta wa uani, ukuta wa kawaida kabisa. Juu yake wamepanga matofali meusi, mazito, yenye mgongo wa mviringo na yanayong'aa kama chupa iliyoungua. Niliweka kiganja. Mavi ya shaba. Walikuwa wakiyamimina yakiwa moto ndani ya kalibu, yakiganda wanajengea. Mama mmoja mzee akatoka na mfuko wa taka, akaniona nimeukumbatia ukuta wake kwenye mvua. Nikamwomba radhi, nikamweleza kazi ya baba yangu. Akaniita cariad, neno lao la mpenzi wanaloliita hata mgeni, akasema babu yake naye alikuwa wa tanuri, na kwamba yeye alipokuwa mtoto kilima cha Kilvey kilikuwa kitupu, hakuna jani. Moshi wa salfa ulipokutana na mvua uligeuka asidi, ukaua mimea. Mwaka 1961 ndipo mradi mkubwa wa kulifufua bonde ulipoanza, chuo kikuu na halmashauri pamoja, na watoto wa shule wakapelekwa kupanda miti.

Nikampigia baba simu ya video, Lubumbashi. Nikaisogeza simu mpaka karibu na tofali.

"Zungusha," akasema. "Hapo, kwenye ncha. Unaona hayo matundu? Hewa ilinaswa. Huyo aliyemimina alikuwa na haraka, labda zamu ilikuwa inakwisha."

Mama wa Hafod akauliza anasema nini. Nikamtafsiria, naye akapitisha kidole kwenye matundu yale, polepole, moja baada ya jingine. Miaka yote ameishi na ukuta ule.

Baba akataka kuona bomba. Nikamwonyesha. Akataka kuona moshi, nikamwambia hakuna, nikaigeuza simu kuelekea Kilvey. Kilima chote kilikuwa kijani kilicholowa. Baba akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Na ardhi ilikuwa imeungua kama ya kwetu?"

"Ilikuwa imeungua, baba."

"Walipanda miti gani?"

Sikujua. Mama akasema misonobari ni mingi, na mingine hajui majina yake.

"Mwambie asante," baba akasema. "Wewe panda huko juu, unipigie picha za majani na magome. Karibu karibu, nione."

Nikavaa kofia, nikauliza njia ya kwenda kilimani.