Siku moja maishani mwangu: kutoka mirathi hadi hataza

Saa 11:30 alfajiri. Kabla simu hazijaanza kulia, nasoma. Leo ni maelezo ya kichujio cha maji kinachojisafisha chenyewe, kurasa 31. Sikusoma uhandisi, kwa hiyo kila neno au hatua ambayo siwezi kumweleza mtoto wa miaka kumi naizungushia duara kwa penseli. Nikifika ukurasa wa mwisho nina maduara tisa. Nayaandika kwenye daftari kama maswali na kujiandaa kutoka.

Saa 2:00 asubuhi. Tuko wanne katika ofisi ya sheria inayolinda kazi za ubunifu na uvumbuzi, na hakuna aliyeanza safari yake hapa. Mmoja alikuwa mkemia wa maabara. Yeye ndiye mwenye sifa za kuandika hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake bila ruhusa, na kuziwakilisha mbele ya ofisi inayozitoa. Mwingine aliandika programu za kompyuta kwa miaka sita huku akisoma sheria jioni. Wa tatu alikuwa karani wa mahakama, na alama za biashara zilimvuta kwa sababu ya kesi alizokuwa akizipanga kwenye makabati.

Mimi nilikuwa wakili wa mirathi. Niliwahi kusimamia mirathi ya mwanamuziki. Niliorodhesha nyumba, gari, akaunti ya benki na magitaa mawili, mahakama ikaridhia, nikafunga jalada. Mwaka uliofuata binti yake alinijia na simu mkononi. Wimbo wa marehemu ulikuwa ukitangaza bidhaa. "Wakili," akaniuliza, "huu wimbo sasa ni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilisoma Mkataba wa Berne wa 1886 kwa mara ya kwanza tangu chuoni. Kanuni yake ya jumla ni kwamba hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Basi nilikuwa nimeorodhesha magitaa nikaziacha nyimbo, mali ambayo ingewalea watoto hao hadi wazeeke. Niliwaambia familia wazi kwamba kosa ni langu. Nikarudi mahakamani orodha irekebishwe, nikawaandikia waliotumia wimbo, na baada ya miezi kadhaa wakalipa. Tangu siku hiyo sikutaka tena kazi nyingine.

Saa 4:00 asubuhi. Mvumbuzi wa kichujio anaingia, mtafiti mpole anayezungumza haraka. Anataja, kama jambo la kupita tu, kwamba wiki ijayo anawasilisha kazi yake kwenye mkutano wa kisayansi.

"Muhtasari wako utatoka lini?"

"Kesho asubuhi, kwenye tovuti ya mkutano."

Mkemia wetu anaweka kalamu chini. Uvumbuzi hupewa hataza ukiwa mpya, na ukishauweka hadharani mwenyewe kabla ya kuwasilisha maombi, sehemu nyingi upya huo umekwisha. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kujirekebisha. Ulaya, isipokuwa katika hali chache sana, haimpi hata siku. Maana yake ni kwamba maombi lazima yaingie leo. Yakishaingia, Mkataba wa Paris wa 1883 unampa miezi 12 ya kwenda nchi nyingine wanachama na kuhesabiwa kama aliomba tarehe ya leo.

Watafiti wengi huwa hawajaambiwa hili na mtu yeyote, na linaniuma kila mara. Gordon Gould aliandika wazo lake la leza kwenye daftari akalithibitisha kwa mthibitishaji Novemba 1957, lakini aliamini kimakosa kwamba lazima kwanza atengeneze kifaa kinachofanya kazi. Akawasilisha maombi Aprili 1959, wengine wakiwa wameshamtangulia. Hataza yake ya kwanza kubwa ya leza aliipata 1977. Miaka 18 ya mapambano, kwa sababu ya jambo ambalo wakili angelimweleza kwa dakika tano.

Natoa maduara yangu. Manane yanakwisha upesi. La tisa lilikuwa sentensi moja ukurasa wa 22: "kisha mtiririko hugeuka." Nauliza: nani anaugeuza? Hakuna pampu ya pili wala umeme.

"Aa, hiyo ni vali tu," anasema. "Presha ikishuka kwa sababu ya uchafu, inajifungua upande wa pili."

Mkemia anamtazama. Rasimu nzima ya madai, sehemu ya maombi inayosema ni nini hasa kinalindwa, ilihusu utando unaochuja, naye aliipita sentensi ile kwa sababu mambo ya presha anayafahamu mno. Utando wa namna hiyo upo tayari, na wengi wanautumia. Vali inayousikia uchafu wenyewe, mtafiti hajaiona popote, na utafutaji wetu wa haraka haukuipata. Tungewasilisha rasimu ile, tungemlindia kisichokuwa chake na kuacha chake nje. Tunayaandika madai upya, yeye akichora na mkemia akiandika, hadi saa nane mchana.

Katikati ya hayo, karani wetu wa zamani ananionyesha ombi la alama ya biashara. Mteja anauza programu ya kupakua, daraja la 9, lakini pia anaiendesha kama huduma mtandaoni, daraja la 42. Madaraja ni makundi ya bidhaa na huduma ambamo alama husajiliwa, nayo yapo 45. Naweka sahihi, yote mawili.

Saa 9:00 alasiri. Kampuni moja inanunua nyingine, na mwenzetu mwanaprogramu anapekua msimbo wa inayonunuliwa. Ameshakuta programu huria iliyo chini ya GPL, leseni inayomtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake, ndani ya bidhaa wanayoiuza msimbo ukiwa umefichwa. Muuzaji anasema leseni za bure hazina meno. Namtumia uamuzi wa Jacobsen dhidi ya Katzer, wa mahakama ya rufaa ya Marekani, 2008, uliohusu programu ya kuendesha treni za mfano: ukivunja masharti ya leseni huria unaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki.

Saa 11:00 jioni. Wakili kijana ananipigia. Anaogopa kwamba bila shahada ya sayansi mlango huu umefungwa. Namwambia ukweli: kuwa wakala wa hataza Marekani au Ulaya kunahitaji msingi wa sayansi au ufundi. Hakimiliki, alama za biashara, leseni na taarifa binafsi havihitaji. Namuuliza kwenye majalada yake ya sasa kuna nini. Anasema ni talaka tu. Halafu anakumbuka: mume ana programu ya simu aliyoiandika wakati wa ndoa, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

"Anza na hiyo," namwambia. Nilisikia akivuta kiti.

Saa 5:10 usiku. Mkemia anabonyeza kitufe, namba ya maombi inarudi, na tarehe ni ya leo. Naituma kwa mtafiti. Anauliza kama sasa anaweza kuweka picha ya vali kwenye bango lake la mkutano.

Namjibu: iweke katikati.