Karani na swali la "Una uhakika?"

Vijana wengi tunaoandika programu hapa Dodoma akili zetu ziko kwenye simu. Ukisema unatengeneza programu ya kompyuta ya mezani, wenzako wanakuangalia kama fundi wa taipureta. Ila nenda Kibaigwa kwenye maghala ya mahindi uone: kazi inafanyika kutwa kwenye kompyuta yenye vumbi, na anayeitumia hana muda wa kushangaa rangi.

Kuna ghala wameniomba niwaandikie upya programu ya kupokea mzigo. Iliyopo waliuziwa na watu wengine. Juzi nikaketi nyuma ya karani wao, mama wa makamo, nikawa natazama mikono tu. Wa kushoto umeshika karatasi ya mizani, wa kulia uko kwenye tarakimu za kibodi. Jina, Tab, magunia, Tab, kilo. Tab inayofuata ikaruka mpaka kisanduku cha maoni kule chini, ikabidi aache kibodi, ashike mausi, arudi kwenye bei. Ni hivyo kwa kila mkulima, na foleni iko mlangoni. Kitufe cha Hifadhi nacho kimeliwa nusu na ukingo wa chini. Aliyekichora bila shaka alikuwa na kioo kikubwa. Cha ghalani ni kidogo, pikseli 1366 kwa 768.

Akihifadhi, anaulizwa: "Una uhakika?" Akifuta, swali ni lilelile.

"Mwanangu, mimi hilo silisomi tena," akaniambia. "Nagonga Enter, maisha yaendelee."

Wiki iliyopita mzigo wa mtu ulifutika hivyohivyo.

Usiku nikarudia miongozo ya kupanga vitufe na visanduku vya programu. Apple walichapisha yao kama kitabu mwaka 1987. Microsoft wana yao, vilevile GNOME na KDE, wanaotengeneza mazingira ya mezani ya Linux. Kuna mahali wanapishana: kwenye Windows kitufe cha kukubali hutangulia na Ghairi hufuata, ilhali kwenye Mac na GNOME cha kukubali hukaa kulia kabisa. Watu hugombana kwa hili, sijui kwa nini. Ghala linatumia Windows, basi nafuata Windows, mkono wa mama ulishazoea huko. Ushauri ninaoupenda zaidi ni wa kutouliza ovyo: fanya alichoomba, kisha mwachie Ctrl+Z atengue. Ukilazimika kuuliza, kitufe kitaje kitendo chenyewe, "Futa mzigo", si "Ndiyo".

Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba kitu kikubwa kilicho karibu hufikiwa upesi. Sawa, lakini kwa karani huyu mausi yenyewe ndiyo iko mbali.

Jumatatu naanza na mpangilio wa Tab, kisha kujihifadhi kwenyewe, maana umeme tunaujua. Bosi wa ghala yeye anachoulizia ni kama nembo itakuwa inazunguka.