Nilivyopima mpaka wa shamba la zabibu bila kutegemea setilaiti za taifa moja

Huwa nawapimia mashamba wakulima wa zabibu huku Chamwino. Mzee mmoja aliyekuwa akigombea mpaka na jirani yake aliniuliza kabla sijawasha kifaa: "Mwanangu, hizo setilaiti ni za nani? Mwenyewe akizizima, mpaka wangu nitaujuaje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. GPS, mfumo wa setilaiti unaokionyesha kifaa mahali kilipo, ni mali ya serikali ya Marekani, na jeshi lake ndilo lililoijenga. Hadi Mei 2000 mawimbi ya kiraia yalikuwa yakivurugwa makusudi, kipimo kikaweza kukosea hadi mita 100. Shamba la mraba la ekari moja lina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo shamba zima la mzee lingesomeka limehamia kwa jirani! Rais Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na tangu hapo biashara inayotegemea GPS imeshamiri dunia nzima. Hata hivyo, kilichofunguliwa kwa amri sikiamini peke yake kwenye ardhi ya mtu.

Wapimaji wa enzi hizo walikuwa na dawa yake. Kipokezi kimoja kinakaa kwenye alama ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika; kosa kinaloonyesha ndilo linaloondolewa kwenye kipokezi cha pili. Walinzi wa pwani wa Marekani wenyewe walirusha masahihisho ya namna hiyo huku jeshi likiendelea kuvuruga.

Nami nilifanya vivyo hivyo. Kipokezi cha kwanza nilikisimamisha juu ya bikoni ya upimaji, yaani alama ya namna hiyo ambayo mahali pake panajulikana, cha pili nikazunguka nacho kona kwa kona. Vyote hupokea mifumo minne ya setilaiti: GPS, GLONASS ya Urusi, BeiDou ya China na Galileo ya Ulaya, ambayo naithamini zaidi kwa kuwa iko chini ya mamlaka ya kiraia. Simu hukosea mita kadhaa, na mita tano ni kama safu mbili za mizabibu. Kwa masahihisho, kosa lilishuka chini ya nusu mita.

Halafu tukachimbia jiwe kila kona, majirani wote wawili na mwenyekiti wa kitongoji wakishuhudia. Umbali wa jiwe hadi jiwe tuliupima kwa tepu, mzee akishika upande mmoja na jirani yake mwingine, nikauandika kwenye mchoro. Kila mmoja ana nakala yake, na ya tatu iko ofisi ya kijiji.