Kupima afya ya mtu aliyewahi kupigwa

Kidonda kikishafunga, kwenye kadi huandikwa "amepona". Mwulize mwenyewe miezi sita baadaye: kichwa bado kinamgonga, usingizi unakatika saa nane za usiku, na ndoo ya lita 20 haibebeki tena kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo ubora wa maisha unaohusiana na afya unapopimwa, yaani mwili na akili vinamruhusu mtu aishi siku yake kwa kiasi gani.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2005, iliyokusanya majibu ya wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 10, ilifika Dar es Salaam na Mbeya. Kati ya waliowahi kuwa na mwenza, 41% Dar es Salaam na 56% Mbeya walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza. Kwa suala letu, uzito uko kwenye swali jingine: wiki nne zilizopita ulikuwaje? Katika majumuisho ya nchi zote, waliowahi kufanyiwa ukatili wakati wowote maishani walitaja zaidi shida ya kutembea, maumivu, kizunguzungu na kusahausahau.

Kipimo chepesi cha ubora wa maisha ni dodoso la EQ-5D-5L. Kina maswali matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kila moja lina ngazi 1 hadi 5, kisha kuna mstari wa 0 hadi 100 ambao mhojiwa anaonyesha afya yake ya leo iko wapi. Tuseme mama anatembea vizuri (1), anapata shida kidogo kuvaa gauni kwa sababu bega halinyanyuki (2), kazi za nyumbani na maumivu ni ya kati (3 na 3), wasiwasi ni mkubwa (4). Hali yake inaandikwa 12334. Usijumlishe tarakimu hizo upate 13. Hiyo haina maana yoyote. Hubadilishwa kuwa alama moja kwa jedwali la thamani lililotokana na maoni ya wananchi, ambapo 1 ni afya kamili na 0 ni sawa na kufa. Uganda na Ethiopia wana majedwali yao. Ukiazima la Uingereza, umeazima na vipaumbele vya Waingereza.

Kasoro yake ni hilo neno "leo". Anayepigwa mwisho wa mwezi, ukimhoji tarehe 20, uvimbe umeshashuka. Ndiyo maana wengine huongeza SF-36, yenye maswali 36 ambayo mengi huuliza kuhusu wiki nne.

Sehemu inayoharibika zaidi, hata hivyo, ni swali la kipigo chenyewe. Uliza "umewahi kufanyiwa ukatili?" na wengi watasema hapana, maana kofi la mume kwao ni ugomvi wa ndani. Taja kitendo kimoja kimoja: kuzabwa kofi, kusukumwa, kuvutwa nywele, ngumi, teke, kukabwa shingo, kuunguzwa, kutishiwa kisu. Mwulize akiwa peke yake. Mama mkwe akitokea na sahani ya embe, geuza maswali haraka yawe ya chanjo za watoto. Jibu la kweli likisikika linaweza kumletea kipigo kingine jioni.

Kukabwa kusipite juujuu. Mara nyingi shingo haina alama. Angalia sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, vidoti vyekundu ndani ya macho. Mshipa wa shingo ukichanika kwa ndani, kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadaye, kwa hiyo mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa. Waliopigwa kichwani nao huzungushwa: panadol, kipimo cha malaria, kipimo cha presha, nyumbani. Hakuna aliyeuliza kama aliwahi kuzimia baada ya kipigo.

Kwenye kutafsiri matokeo, kumbuka kwamba kumhoji mtu mara moja hakuonyeshi kipi kilitangulia. Mwenye sonona au ulemavu huwa rahisi kuonewa, na kipigo nacho huleta sonona. Mfuate tena baada ya miezi mitatu na sita. Kabla ya kumwuliza namba ya simu, mwulize kwanza simu hiyo inashikwa na nani.