Farasi watatu kando ya Nile

Leo asubuhi karibu na Jinja, Uganda, kwenye njia nyembamba kando ya Nile, nilipinda kona kwa baiskeli nikawakuta farasi watatu mbele, wamepandwa na wageni. Nikafunga breki, nikashuka, nikasema, "Habari za asubuhi, nipo nyuma yenu." Baiskeli haina mlio, na farasi akishtuliwa kutoka nyuma hupiga teke au hutimka na mtu mgongoni. "Asante ssebo (bwana)," akajibu kiongozi wao, "endelea kuongea, farasi ajue ni mtu." Wakasogea, nikapita nikikokota baiskeli, naongea taratibu.

Waendesha baiskeli wenzangu wanaopiga kengele ghafla mgongoni mwa watu huniudhi sana.

Mbele nikampisha mama mwenye dumu la maji kichwani. "Weebale," akaniambia, yaani asante kwa Kiganda, akatabasamu.