Mzizi wa maji, Siberia

Jana nimekesha na lugha za Kisamoyedi, jamii ya lugha za Siberia, na raha niliyoipata siwezi kuinyamazia. Chukua neno la maji: Waselkupi husema üt, Wakamasi walisema bü, na kwa Wanganasani ni by- inayokatikia kooni. Kwa haraka utadhani maneno haya hayana uhusiano. Kumbe b hiyo ilikuwa w zamani, na t ya mwisho, waliyoimeza Wanganasani, Waselkupi wameitunza. Yaunganishe, unapata mzizi wa kale, wit. Na ndugu zake wa mbali ni vesi ya Kifini na víz ya Kihungaria!

Kinachoniuma ni Kikamasi. Klavdiya Plotnikova, msemaji wake wa mwisho, alifariki mwaka 1989. Nashukuru sana kwamba watafiti waliwahi kumrekodi.