Baiskeli ya safari ya Usambara: nilivyoiunda na fundi wangu hapa Tanga

Njia niliyoikusudia ni ya Usambara Magharibi: kupanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita 33 za lami zinazokupandisha karibu mita elfu moja, halafu barabara za vumbi hadi Mtae, kisha kuteremkia tambarare za upande wa Mkomazi zenye mbigili na miiba ya migunga. Siku tano, hema, maji lita nne, mzigo kilo 11, vyote kwenye mabegi yaliyofungwa kwenye fremu bila keria. Keria za bei ya kawaida hukatika pale zilipochomelewa, na njia mbovu huharakisha.

Nilikuja na orodha ya vifaa nilivyovitamani. Fundi aliisoma, akauliza: "Spoku ikikatika Mtae, hii utaipatia wapi?" Nusu ya orodha ikafa hapo hapo.

Tulianza na magurudumu, fremu ikafuata. Tuliamua inchi 26, yaani ile ambayo tairi hukalia kipenyo cha milimita 559, kwa sababu tairi na tyubu zake zipo hata kwenye vibanda vya miji midogo. Angalia usichanganye: 28 ya Phoenix ni milimita 635, na 29 za kisasa ni 622. Namba zinakaribiana lakini tairi haliingii.

Ringi tulichukua za ukuta mara mbili (zenye tabaka mbili, imara zaidi), matundu 36, spoku za milimita 2 zilizopishana mara tatu. Kwa ringi na habu zangu (habu ni kitovu cha gurudumu), nyuma ilihitaji spoku za urefu wa milimita 264 kushoto na 262 upande wa gia. Upande wa gia spoku husimama wima zaidi na kubeba mvuto mkubwa, na mara nyingi hukatikia huko, kwenye kona ya shingo inapoingia kwenye habu. Watu hudhani imekatika kwa kukazwa sana. Mara nyingi ni kinyume: spoku iliyolegea hupinda na kunyooka kila mzunguko hadi chuma kichoke. Fundi hana kipimo cha mvuto, anazigonga kwa kucha na kusikiliza. Za upande mmoja zote zitoe mlio mmoja. Yenye mlio mzito imelegea. Akishamaliza kunyoosha, anazikamata spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba na kuziminya kwa nguvu za viganja, zinalia "tik, tik" zikijikalisha, halafu ananyoosha tena. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa na mafundi wengi wenye haraka, na gurudumu linarudi limepinda baada ya wiki.

Pua ya tyubu tulichagua ile nene ya pikipiki, kwa kuwa pampu yake ipo kila kituo cha mafuta na kila kijiwe cha bodaboda. Ringi zilikuja na tundu la milimita 6.5, tukalipanua hadi 8.5 kwa drili. Baada ya kutoboa lazima upitishe tupa laini ndani na nje, la sivyo ukingo wa tundu utaikata pua taratibu na utahangaika kutafuta pancha isiyoonekana. Faida nyingine: sindano ya pua hiyo hutoka, kwa hiyo nilimimina mililita 90 za dawa ya kuziba pancha kwenye kila tyubu. Kwa joto letu dawa hukauka, naikagua kila baada ya miezi miwili.

Fremu ni ya mtumba, chuma, aina ya baiskeli za milimani za miaka ya 1990, foku isiyo na springi. Sumaku itakuambia kama ni chuma, haitakuambia kama ni chuma kizuri. Tulichomoa nguzo ya kiti tukapima unene wake: milimita 27.2 au 26.8 ni dalili ya bomba jembamba la chuma bora, 25.4 mara nyingi ni bomba nene na zito. Kama nguzo imeganda ndani, fremu hiyo iache dukani. Kisha uzi: unafungwa penye ekseli ya nyuma upande mmoja, unazungushwa shingo ya mbele, unarudi upande wa pili, umevutwa sawasawa. Unapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kushoto na kulia. Fremu ya kwanza ilitofautiana milimita 6, tukaikataa. Ya pili ilitofautiana 1.

Kwenye gia nilishindwa hoja, na nashukuru. Nilitaka gia 11 nyuma. Tukafunga 8, meno 11 hadi 32, na mbele meno 22 na 32, ile sahani kubwa tukaitoa. Kwa 22 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 1.4, yaani kilomita 5 kwa saa ukipiga mizunguko 60 kwa dakika. Mlimani ukiwa na mzigo hiyo ndiyo gia utakayoishi nayo. Mnyororo tuliupima kwa kuuzungusha kwenye sahani kubwa mbele na kubwa nyuma bila kuupitisha kwenye kimkono cha gia (kile cha nyuma kinachohamisha mnyororo), tukaongeza pingili mbili. Kwenye fremu kama hii, kikombe cha ekseli ya krenki kinachofungwa upande wa kulia kina hesi za kinyume: kulegeza unazungusha kwa mwendo wa saa. Nimeona fremu nzuri zikiharibiwa hesi kwa kutojua hili tu.

Nilitaka pia vishikio vya chupa vichomelewe kwenye foku. Fundi alikataa kabisa, joto hudhoofisha foku, na foku ikikatika hakuna breki itakayokuokoa. Badala yake tulifunga kwa klipu za mpira wa maji, chini yake kipande cha tyubu kuukuu ili zisiteleze. Mzigo usizidi kilo 3 kila upande.

Begi la katikati ya fremu lilishonwa na fundi mabegi kwa turubai la lori, kwa kiolezo cha kadibodi nilichokikata ndani ya fremu na kupunguza milimita 5 pande zote. La kwanza lilikuwa na upana wa sentimita 8 na likajaa kama mto, magoti yakawa yanalisugua. La pili ni 6. Maji na spana hukaa humo, chini kabisa. Begi la nyuma ya kiti halizidi kilo 3, la sivyo linayumba kama mkia wa mbuzi.

Urefu wa kiti: nilipima mguu kwa ndani, sentimita 82, nikazidisha kwa 0.883, ikatoka 72.4 kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Upepo ni 40 nyuma na 32 mbele kwenye kipimo cha psi. Chini ya hapo, kwa mzigo huu, jiwe linaibana tyubu dhidi ya ringi.

Majaribio tulifanya Muheza kwenda Amani, na mzigo wote. Klipu mbili ziliteleza, bolti ya usukani ililegea, na spoku nne za nyuma zikahitaji kukazwa robo mzunguko. Mteremko wa kurudi ulinifundisha kubana breki na kuachia, mbele na nyuma kwa zamu, kwa sababu ringi ikibanwa mfululizo hupata moto kiasi cha kupasua tyubu.

Spoku za akiba, tatu za kila urefu, zimefungwa kwa nailoni kwenye bomba la nyuma upande wa kushoto. Chini ya kiti nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: 264 kushoto, 262 kulia.